Shimo la Ishirini na Tatu

Mashimo ishirini na mawili ya kwanza tuliyachimba kwa siku mbili. La ishirini na tatu lilikataa jembe, likakataa sururu, na nilipoangusha mtaimbo ukalia kama kengele ya shule ya msingi, mikono yote miwili ikafa ganzi. Fundi alinyoosha mgongo, akaangalia kamba ilikotoka na inakokwenda, halafu akasema, "Sogeza futi moja tu upande ule. Nani atajua?"

Nikasogeza. Naweka hilo wazi mapema, kwa sababu hadithi za mashamba Kenya huwa lazima ziwe na mwizi, na mwizi huwa ni mtu mwingine. Hapa kamba niliishika mimi.

Futi moja upande wa jirani udongo ulikuwa laini. Tulikuwa tumeshaenda chini kiasi cha mkono nilipoona kivuli kimeingia shimoni. Mzee jirani alikuwa amesimama upande wake wa kaiyaba, fimbo nyuma ya mgongo, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Hakupiga kelele. Aliangalia shimo, akaangalia kamba, kisha akaniangalia mimi.

"Mmeanza tena," akasema. "Hata babu yako alianza hivyo hivyo."

Akageuka, akaenda zake kukamua ng'ombe.

Shamba letu liko nje kidogo ya Kachibora, pale tambarare ya Trans Nzoia inapoanza kupanda kuelekea milima ya Cherangany. Nilirudi nyumbani mwaka juzi baada ya kuacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Karo ilikuwa nusu ya sababu. Nusu nyingine sijaielewa vizuri, na Papa ameacha kuiuliza. Siku hizi naandika za kulipwa kwa neno, na maneno yakikosekana nafanya kibarua chochote kinachotokea. Papa alikuwa ameamua kwamba kabla shamba la Kuka halijagawanywa kati yake na ndugu zake, lazima lizungushiwe fensi ya kueleweka: posti za zege kwenye pembe, za mbao katikati, seng'enge laini tano. Ua wa zamani wa kaiyaba ungeng'olewa wote, miiba na kila kitu. Fundi alidai shilingi 150 kwa kila shimo. Mimi nilikuwa msaidizi wake, nikilipwa chakula na nauli ya kwenda Kitale.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuchimba shimo la posti, acha nieleze, maana kutoka mbali inaonekana kazi ya dakika kumi. Posti ya kawaida inataka futi mbili kwenda chini. Ya pembe inataka tatu, kwa sababu waya ukishakazwa unaivuta mchana na usiku, miaka yote. Na shimo lazima liwe jembamba, la sivyo posti itacheza. Shimo jembamba ni gumu kuliko pana, kwa sababu jembe halina mahali pa kugeukia. Unavunja kwa mtaimbo, unapiga magoti, unachota udongo kwa mkebe wa Kasuku, unavunja tena. Kwetu juu ni udongo mwekundu, chini yake maramu. Maramu ikikaza unamwaga maji jioni na kurudi asubuhi. Ukikuta jiwe, unachimba kando yake hadi litoke.

Shida ni mwamba. Wengi hudhani kila mlima Kenya ni volkano. Elgon, ambao tunauona upande wa pili asubuhi kukiwa hakuna mawingu, ni volkano kweli. Cherangany siyo. Ni miamba ya zamani zaidi, iliyokandamizwa na kupikwa chini ya ardhi hadi ikawa na michirizi kama mbao iliyopasuliwa. Hapa na pale mgongo wake unachomoza katikati ya mahindi. Huo huwezi kuuchimbua utoke. Ukikutana nao una njia tatu: uutoboe, uupite juu, au uuzunguke.

Neno la mzee lilinikosesha usingizi. Nilianza kusoma kwa simu usiku, kisha nikaitumia ile nauli kwenda makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyiko wa mlowezi mmoja, Hugh Stoneham, na kufunguliwa kama makumbusho ya taifa mwaka 1974. Nilitaka kujua jambo dogo tu: kabla ya Kuka, watu wa hapa walifanya nini mtaimbo ulipolia?

Wa zamani zaidi tunaowajua kwa mazizi yao ni Wasirikwa. Ukitembea Cherangany, Uasin Gishu, Nandi, hadi Nakuru, utakuta mashimo ya duara ubavuni mwa vilima, mengi yakiwa na upana wa mita kumi hivi, nyasi zimeota ndani. Kwa muda mrefu watu walidhani ni nyumba za chini ya ardhi. Mary Leakey alichimba Hyrax Hill kule Nakuru kuanzia mwaka 1937. Miaka ya 1960 John Sutton akazunguka nyanda hizi zote, akaonyesha kwamba mashimo yenyewe yalikuwa mazizi. Ng'ombe walilala ndani ya shimo, na nyumba ya watu ilijengwa pembeni, mlango wake ukifungukia zizini. Samadi na matope vilikokotwa nje upande wa chini wa mteremko hadi vikawa vilima vidogo. Watu waliishi hivyo kwa karne kadhaa, kuanzia miaka ya 1200 hadi 1700 hivi.

Kilichonishika ni jinsi walivyoshughulika na jiwe. Mahali penye mawe mengi, kuta za shimo zilijengwa kwa mawe yaliyopangwa bila udongo wa kushikilia. Mahali pasipo mawe walitumia miti na udongo wenyewe. Yaani walisoma ardhi kwanza, halafu ndipo wakaamua fensi iwe ya nini. Na fensi yenyewe ilizunguka ng'ombe usiku tu. Asubuhi lango likifunguliwa, hakukuwa na mstari wowote kati ya mtu na jirani yake uliolazimika kupita juu ya mwamba.

Kwetu Wabukusu, upande wa Bungoma, shimo lilikuwa na kazi nyingine. Tulikuwa na chingoba, vijiji vilivyozungushiwa ukuta mnene wa udongo na handaki, na malango machache ya kuingilia. Huo ulikuwa ua wa vita. Mwaka 1895 Waingereza wakiongozwa na Charles Hobley walishambulia ngome ya Lumboka, kisha Chetambe, kwenye kilima juu ya Webuye. Bunduki zilishinda kuta. Nilifundishwa hayo shuleni kama habari ya ushujaa na kushindwa, na sikuwahi kufikiria watu waliochimba lile handaki kwa jembe, kwenye kilima chenye mawe, wakijua kina chake ndicho kitakachowatenganisha watoto wao na adui. Lakini hata ukuta huo ulizunguka watu. Haukugawa shamba.

Fensi ya kugawa shamba ilikuja na waya. Mwaka 1874 mkulima wa Illinois, Marekani, aitwaye Joseph Glidden alipewa hataza ya seng'enge yake: nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, miiba ikibanwa katikati isiteleze. Kabla ya hapo, ili kuzungushia shamba kubwa ulihitaji msitu mzima au mawe ya miaka kumi. Sasa ulihitaji mabunda ya waya na posti moja kila hatua chache. Waya ulifanya fensi iwe rahisi kila mahali isipokuwa kwenye shimo. Shimo lilibaki kama lilivyokuwa tangu Adamu, kwa hiyo swali likawa: nani ataingia humo?

Trans Nzoia lilijibiwa kwa sheria. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iligawia askari wa Kizungu mashamba kupitia mpango wa mwaka 1919, na sehemu kubwa ya ardhi hii ikaingia humo. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Wasengwer, ambao hadi leo wanadai kwamba tambarare hii ilikuwa yao, walijikuta ama wamesukumwa juu milimani au wamebaki chini kama vibarua kwenye malisho yao wenyewe. Sheria ya mwaka 1918 ilisema Mwafrika anayeishi kwenye shamba la mlowezi, skwota, lazima amfanyie kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Hiyo ni nusu ya mwaka. Kwa malipo yake aliruhusiwa kulima kipande na kufuga.

Halafu ruhusa ya kufuga ikaanza kukatwa. Walowezi walitaka ng'ombe wa kisasa, na ng'ombe wa kisasa walikufa haraka kwa ndigana, inayoenezwa na kupe. Walisema ng'ombe wa skwota ndio wanaoleta kupe. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampeni ya kuwaondoa ng'ombe hao huko Bonde la Ufa ilipewa jina na waliofagiwa wenyewe: kifagio. Sheria ya mwaka 1937 ikazipa halmashauri za walowezi mamlaka ya kupunguza mifugo ya maskwota na ukubwa wa vipande vyao. Sasa weka mambo hayo mawili pamoja. Mtu aliyedaiwa siku 180 za kazi anapewa mtaimbo achimbe mashimo ya fensi, na fensi ikikamilika inawafungia nje ng'ombe wake mwenyewe. Katika vitabu nilivyosoma kuna majina ya walowezi, ekari zao, na hata aina ya fahali walioagiza Uingereza. Sijakutana na jina la aliyechimba mashimo.

Nilianza kuangalia fensi nyingine duniani, kuona kama kuna mahali ambapo mchimbaji alikuwa na neno. Kuna sehemu za Kansas, Marekani, ambako walowezi wa karne ya 19 hawakupata miti, lakini chini ya nyasi kulikuwa na tabaka la chokaa. Jiwe hilo ni laini likiwa limetoka tu ardhini, kisha hukauka na kuwa gumu. Walilipasua wakachonga posti za mawe, na nyingi bado zimesimama kando ya barabara. Kule mashariki mwa Oregon, mahali ambapo ni mwamba mtupu, wafugaji hutengeneza fremu ya mbao, wanaijaza mawe, na uzito wake ndio unaoshika waya. Hakuna shimo kabisa. Nchi za baridi wana tabu yao tofauti: maji yaliyomo ardhini huganda na kufura, na posti isiyokwenda chini vya kutosha hupandishwa kidogo kidogo kila mwaka hadi inang'oka yenyewe. Na jirani zetu Wachagga wa Kilimanjaro waliona afadhali kupanda: mpaka wao ni masale, kichaka kinachoota kwa kuchomekwa ardhini. Jani hilohilo la masale ndilo mtu anambebea jirani anapokwenda kumwomba msamaha.

Nilichoona katika hayo yote ni kwamba mtu anayechimba mwenyewe, kwa mgongo wake, huwa anapindisha. Anatafuta mahali laini, au anabadilisha posti, au anaacha kuchimba. Mstari ulionyooka kabisa juu ya ardhi yenye mawe karibu kila mara umechorwa na mtu ambaye hakuchimba.

Hapo nikarudi nyumbani kumwuliza Kukhu.

Kukhu ana miaka zaidi ya themanini na anaota jua kando ya jiko kila asubuhi, blanketi mabegani. Papa alikuwepo, anakunywa chai amesimama. Nilimwuliza kwa nini kaiyaba yetu imetoa tumbo. Maana ndiyo, sijasema: ua wetu wa zamani hauendi moja kwa moja. Unatoka barabarani ukiwa umenyooka, unafika karibu na ule mwamba, unajipinda kuingia upande wa jirani, halafu unarudi kwenye mstari wake. Ndani ya tumbo hilo mna migomba na sukuma wiki ya mama. Nimekua nikiamini mpaka uliumbwa hivyo.

"Tulihamia hapa 1967," Kukhu akasema. "Watu walichanga wakanunua shamba la mzungu, wakagawana. Mtaimbo ulikuwa mmoja, tunaazimana nyumba nne. Babu yako akafika pale kwenye jiwe, akapiga siku nzima. Mimi nilikuwa nambebea maji, na mimba ya huyu." Akamwelekeza Papa kwa kidevu. "Jioni akasema, wacha tupite kando kwanza mpaka tupate nguvu. Nguvu haikupatikana."

"Na jirani?" nikauliza.

"Alikwenda kumwambia. Jirani alikuwa kijana tu wakati huo. Alisema sawa, kwa sasa."

Papa aliweka kikombe chini. "Mama, hayo ni mambo ya zamani."

"Ndiyo," Kukhu akasema. "Mimi pia ni wa zamani."

Lazima nieleze kwa nini Papa alibadilika uso kwa maneno mawili, "kwa sasa". Miaka ile ya uhuru, serikali ilikuwa ikinunua mashamba ya walowezi na kugawia wananchi. Mpango mkubwa wa ekari milioni moja ulianza mwaka 1962 na ukapa makao zaidi ya familia 30,000. Pembeni yake watu walijiunga kwa vikundi wakanunua wenyewe, kama Kuka. Ardhi iligawanywa haraka na vipande vikapewa namba. Na kwa sheria yetu ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012, ramani ya usajili kwa kawaida huonyesha mpaka kwa makadirio tu, isipokuwa mpaka ule umepimwa na kuthibitishwa rasmi. Mkigombana, mnaanza kwa msajili wa ardhi, na korti haitawasikiliza kabla yake. Kwa hiyo kilichopo shambani, ua, mtaro, mti mzee, ni ushahidi. Ndiyo maana watu hung'oa vitu usiku.

Kuna sheria nyingine pia ambayo kila mtu kijijini anaijua kwa jina la "miaka kumi na miwili". Mtu akikaa kwenye ardhi ya mwenzake wazi wazi muda huo wote bila kufukuzwa, anaweza kwenda kortini adai iwe yake. Papa alikuwa ameshapiga hesabu. Tumbo lile tumelishika zaidi ya nusu karne. Posti za zege zikishasimama pale, na wajomba na mashangazi wakigawana shamba jinsi lilivyo, mambo yamekwisha. Lakini sheria hiyo ina mlango mmoja mdogo: lazima uwe umekaa bila ruhusa. Ukiruhusiwa na mwenyewe, wewe ni mgeni, hata ukikaa miaka mia. Na Kukhu, akiota jua, alikuwa ametoka tu kusema kwamba tuliruhusiwa.

Siku mbili Papa hakunisemesha. Fundi aliendelea na mashimo ya upande wa barabara. Shimo langu la futi moja pembeni lilibaki wazi, na mvua kidogo iliyonyesha usiku ikalijaza maji mekundu.

Siku ya tatu nilivuka kwenda kwa mzee. Nilibeba sukari kilo mbili, maana huwezi kwenda mikono mitupu. Alinipa mursik kwenye kibuyu, akaniacha ninywe kwanza.

"Mzee," nikamwambia, "nimekuja kuomba radhi ya lile shimo."

"Shimo ni dogo," akasema. "Twende nikuonyeshe mengine."

Tulipita kwenye migomba, upande wetu, hadi kwenye mwamba wenyewe. Nimecheza juu yake utotoni, nimeanika mahindi hapo, nimesomea mtihani wa darasa la nane nikiwa nimeuegemea. Mzee aliinama taratibu, akang'oa nyasi kwa fimbo na vidole, akakwangua udongo na majani yaliyooza. Chini yake kulikuwa na tundu. Duara safi, pana kama kikombe kikubwa cha chai. Alihesabu hatua tatu, akakwangua tena. Tundu la pili. Hatua tatu nyingine. La tatu.

Ukisimama nyuma ya hayo matundu matatu ukaangalia upande wa barabara, unaona posti zetu ishirini na mbili zikija moja kwa moja. Ukigeuka upande wa mtoni, unaona mahali kaiyaba inaporudi kwenye mstari. Laini moja, haina tumbo.

"Haya yalichimbwa na baba yangu," mzee akasema. "Kwa tindo na nyundo. Anapiga, anazungusha tindo, anamwaga maji, anatoa unga wa jiwe kwa kijiko. Mzungu alisema padoki iende nyoofu. Baba alimwonyesha kwamba hapo kando ni laini. Akaambiwa nyoofu. Wakati wa kugawa, sarveya alifuata laini ya padoki kwa sababu ilikuwa tayari. Posti za mwerezi zilizokuwa humu tuling'oa, tukajengea nyumba ya mama yangu."

Nilimwuliza ilichukua muda gani. Akasema baba yake alikuwa akisema wiki mbili, na kwamba ng'ombe wao walizuiwa upande wa pili wa fensi hiyo hiyo mwaka uliofuata.

"Basi kwa nini unaitaka?" Liliponyoka kabla sijalifikiria. Nilimaanisha: hii ni laini ya mzungu, ilichimbwa kwa lazima, iliwafukuza ng'ombe wenu. Ile iliyopinda angalau ilipindishwa na mtu maskini aliyechoka.

Alinitazama kama mtu anayeangalia mtoto aliyesoma sana mahali pasipofaa. "Mzungu aliondoka," akasema. "Aliyetoboa jiwe ni baba. Kazi yake nyingine yote imeoza. Hii haijaoza."

Nilikaa kimya. Kila nilichokuwa nimekisoma kuhusu mstari ulionyooka na nani anauchora kilikuwa kweli, na hakikunisaidia hapo. Mstari ulikuwa wa dhuluma na matundu yalikuwa yake.

Nilikwenda kumwita Papa. Nilidhani atakataa. Alikuja akiwa amevaa gamboti, akasalimiana na mzee kwa mikono miwili, akauliza habari za ng'ombe, habari za watoto walioko Eldoret, habari za mvua. Halafu akaangalia matundu. Alisimama juu ya kila moja, akafumba jicho moja kuangalia barabarani kama sarveya. Kisha akapiga magoti, akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono kwenye tundu la katikati. Uliingia hadi karibu na kiwiko. Alikaa hivyo muda, akipapasa kuta ndani kwa vidole. Papa amechimba mashimo mengi maishani. Nadhani alikuwa anahesabu mapigo.

Alipoinuka mkono ulikuwa mweusi kwa tope la majani. "Hizo ndizi tutavuna kwanza," akasema.

"Vuneni," mzee akajibu. "Na hiyo migomba msing'oe. Nitaitunza."

Nilirudi kwenye kamba. Nilifukia shimo langu la futi moja, nikaukanyaga udongo hadi ukakaa. Fundi alivuta kamba upya juu ya mwamba, akachonga miguu ya posti tatu kwa panga hadi zikaingia kwenye matundu. Hazikubana vizuri, kwa hiyo tukachomeka vipande vya mawe pande zote na kumwaga saruji nyepesi katikati. Pale mwamba unapoteremka, ambapo hapakuwa na tundu na hatukuwa na wiki mbili, tulipanga mawe kuzunguka posti hadi usawa wa kiuno, bila udongo, kama kuta za yale mazizi niliyoyasoma. Mjukuu wa mzee alikuja na toroli akatusaidia kubeba. Fundi alisema hajawahi kufanya hivyo na haidhamini.

Kwa posti hizo hakujua atudai vipi, maana bei yake ni ya shimo, na mashimo matatu hakuyachimba yeye. Tulibishana kidogo. Mwishowe Papa alimlipa yote, shilingi 150 kwa 150. Halafu akahesabu 450 nyingine, akanipa nipeleke ng'ambo kwa mzee. Mzee alizihesabu, akacheka mara ya kwanza tangu nimfahamu, akanirudishia mia mbili akasema hiyo ni ya kubeba mawe.